KAA: NENO DOGO LENYE MAMBO MAKUBWA

Lugha ya Kiswahili ina maneno marefu ambayo mtu huyatamka mara moja kwa mwezi, na ina maneno mafupi ambayo hayatoki kinywani mwetu tangu alfajiri hata usiku wa manane. Katika hayo mafupi limo neno KAA. Lina herufi tatu tu, nalo hutumika kambini, jikoni, mtoni, hospitalini na shuleni. Na kila mahali linapotumika huvaa maana nyingine. Askari huamriwa kukaa. Mama hupalia kaa la moto. Mtoto anayeoga mtoni hubanwa na kaa. Daktari humulika kaakaa la mgonjwa kwa taa.

Leo, ndugu msomaji, tulipekue neno hili pande zake zote. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya walimu na wanafunzi. La hasha! Katika maana hizi zimo elimu zenye manufaa kwa kila nyumba, na mojawapo ya maana hizo inaweza kuangamiza jamaa nzima katika usiku mmoja bila ya mtu kupiga kelele. Kwa hiyo mwenye kusoma na asome mpaka mwisho, kisha amsomee na mwenziwe.

KAA YA KUTENDA

Maana ya kwanza ni ile ya kitenzi. Kukaa ni kuweka makalio juu ya kiti au mkeka, lakini kukaa ni kuishi pia, kama tusemavyo, "Ndugu yangu anakaa Jinja." Kukaa ni kubaki mahali: "Alikaa Gulu miaka mitatu." Kukaa ni kudumu: "Viatu hivi vimekaa sana." Kukaa ni kuwa katika hali fulani: "Kaa kimya", "kaa tayari", "kaa chonjo". Tena ni kupendeza mwilini, kama sare inapomkaa askari vizuri.

Kitenzi hiki kimezaa ukoo mkubwa. Humo tumepata kikao cha wazee, makao makuu ya jeshi, makazi ya wananchi, mkazi wa mji, na mkao wa mpiga shabaha. Nyumba inayovuja tunasema haikaliki, na nchi iliyotwaliwa kwa nguvu tunasema imekaliwa.

Wenye kutoa amri na waangalie hapa. Mkubwa akimwambia kuruta "Kaa hapa", kuruta anaweza kuketi chini, na anaweza pia kusimama wima mahali pale pale asiondoke. Na kwa vyovyote vile atakuwa ametii. Ikiwa mkubwa alitaka mlinzi asibanduke langoni, afadhali aseme "Baki hapa" au "Usiondoke hapa". Ikiwa alitaka watu wapumzishe miguu, aseme "Ketini". Amri njema ni ile ambayo mwenye kuipokea hana haja ya kukisia, hasa inapopitishwa kwa simu ya upepo, na maneno machache tu ndiyo yanayosikika vyema.

HERUFI ILIYOPOTEA

Huenda msomaji akauliza: yawaje maneno mengi yasiyohusiana yakawa na sauti moja? Jibu limo katika historia ya lugha yenyewe. Zamani za kale, Kiswahili kilikuwa na sauti ya L katikati ya maneno mengi, kisha L hiyo ikadondoka kama jino la mtoto. Jirani zetu Waganda hawakuiangusha. Sisi twasema njaa, wao husema enjala. Sisi twasema kuzaa, wao husema okuzaala.

Hali kadhalika neno kaa. Banyankole na Banyarwanda huyaita makaa ya moto amakara, na Wakikuyu wa Kenya huyaita makara. Na Wakikuyu hao hao, wakitaka kumwambia mtu akae, humwambia ikara. Kumbe basi kaa la kuketi na kaa la moto yalikuwa maneno mawili mbalimbali, kila moja na shina lake. Na sauti ya katikati ilipoondoka ndipo yakakutana yakafanana. L iliyopotea bado tunaiona ikirudi kitenzi kinaporefushwa: kaa huwa kalia, kama vile zaa huwa zalia, na vaa huwa valia.

Kwa kuwa sauti imekuwa moja, lugha imetuwekea askari wa zamu wa kutuepusha na makosa, naye ni upatanisho wa sarufi. Tukisema "Kaa huyu amekufa", kila mtu ajua kwamba ni mnyama. Tukisema "Kaa hili limezimika", kila mtu ajua kwamba ni la moto. Wanyama wakiwa wengi ni kaa hawa. Vipande vya moto vikiwa vingi ni makaa haya. Na mzigo mzima wa gunia tunauita mkaa. Mzazi anayemwachia mwanawe aseme "kaa hii, kaa hii" kwa kila kitu anamnyang'anya silaha aliyorithi kutoka kwa mababu.

KAA WA MTONI

Sasa tumtazame kaa mwenye magando. Watu wengi hudhani kwamba kaa ni wa bahari tu, na kwamba sisi tulio mbali na pwani hatuna letu kwake. Lakini wamo kaa wa maji baridi katika mito na maziwa yetu, na hasa katika vijito vyenye mawe vinavyoteremka kutoka Mlima Elgon. Kaa ana miguu kumi tukiyahesabu na magando yake mawili. Mifupa hana, mwili wake umefunikwa na gamba gumu mfano wa deraya ya chuma, na kwa sababu gamba hilo halitanuki, hana budi kulivua kila anapokua na kungojea jipya likauke. Wakati huo huwa laini na dhaifu, hujificha chini ya jiwe. Jike hubeba mayai yake chini ya tumbo, na kaa wa maji baridi huangua watoto waliokwisha kuwa kaa kamili, wadogo mno.

Wazee wana methali isemayo: Kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Kwa muda mrefu watu wa Elgon walikuwa na jambo gumu ambalo kaa alihusika nalo bila ya kujua. Jambo hilo ni ugonjwa wa usubi, unaowasha ngozi kwa miaka na mwishowe kupofusha macho. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo, na minyoo hiyo hupelekwa kutoka mtu hadi mtu na inzi weusi wadogo wanaouma mchana karibu na mito. Wataalamu waliwatafuta watoto wa aina moja ya inzi hao, iitwayo Simulium neavei, juu ya mawe na majani ya mtoni, wasiwaone. Mwaka 1950 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya walitangaza mahali walipowapata: walikuwa wameng'ang'ania juu ya magamba ya kaa! Hawamli kaa wala hawamnyonyi. Humpanda tu kama abiria.

Ugunduzi huo ulifungua njia. Uganda ilipoanza mwaka 2007 mpango wa kuung'oa kabisa ugonjwa wa usubi, wananchi wa Elgon walipewa dawa ya ivamektini mara mbili kwa mwaka, na mito ikatiwa dawa ya kuua watoto wa inzi. Wafanyakazi waliingia majini, wakawakamata kaa mmoja mmoja, wakawachunguza magamba ili kujua kama abiria wale bado wamo. Hatimaye kaa walionekana safi, na maambukizo yakakatika katika eneo hilo. Huo ndio ushindi uliopatikana kwa kumjua adui anapolala, kama ilivyo kanuni ya kila vita.

Kaa ameingia hospitalini kwa mlango mwingine pia. Madaktari wa Ugiriki ya kale walipoona uvimbe mgumu wenye mishipa iliyotokeza pande zote mfano wa miguu, waliuita karkinos, maana yake kaa. Warumi wakautafsiri kwa neno lao la kaa, ndilo lililotupatia kansa. Waarabu nao wakauita kwa jina lao la kaa, saratan, na kutoka kwao sisi tukapata saratani. Kwa hiyo anayesema kansa na anayesema saratani wote wawili wanamtaja kaa. Jina hilo linatisha, kwa kuwa kaa akibana haachii. Lakini saratani nyingi zikigunduliwa mapema hutibika, na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1967. Uvimbe usiouma si sababu ya kukaa nyumbani.

Hata anayesoma ramani hukutana na mnyama huyu. Mstari unaopita nyuzi 23 na nusu kaskazini ya ikweta, wenye kukata nchi za Misri, Libya na Aljeria, huitwa Tropiki ya Kansa, kwa jina la nyota za Kaa.

KAAKAA LA KINYWA

Likitamkwa mara mbili, neno letu hugeuka kuwa kaakaa, yaani dari ya kinywa. Sehemu ya mbele, nyuma ya meno, ni ngumu. Sehemu ya nyuma, kuelekea kooni, ni laini. Wataalamu wa lugha huzigawanya sauti kwa kufuata mahali ulimi unapogusa. Hebu tamka ny kama katika nyumba: ulimi umepanda kwenye kaakaa gumu. Sasa tamka ng' kama katika ng'ombe: ulimi umerudi nyuma kwenye kaakaa laini. Mwalimu anayejua hayo humsaidia mtoto anayekosea matamshi bila ya kumcheka.

Wako watoto wanaozaliwa na kaakaa lililopasuka. Mtoto kama huyo hushindwa kunyonya vizuri, na maziwa humtokea puani. Si laana wala si kosa la mama. Daktari wa upasuaji huweza kuliziba pengo hilo, na mtoto akala na kusema kama wenziwe. Asifichwe ndani, apelekwe hospitali mapema.

KAA LA MOTO NA SAYANSI YAKE

Tumefika kwenye maana iliyo karibu nasi kuliko zote. Mkaa hupatikana kwa kuchoma kuni mahali penye hewa chache. Maji na moshi hutoka, na kinachosalia kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja ambacho wanasayansi hukiita kaboni. Hata jina hilo la kaboni limetoka katika neno la Kirumi lenye maana ya mkaa. Almasi ya kidoleni na risasi ya penseli ni kaboni vilevile. Tofauti ni mpangilio wa chembe tu.

Kazi za mkaa ni nyingi mno. Baruti nyeusi ya zamani, iliyobuniwa China, ilikuwa na sehemu 75 za chumvi ya shura, sehemu 15 za mkaa na sehemu 10 za kiberiti. Wachimbuaji wa mambo ya kale wakipata makaa katika jiko lililofukiwa ardhini, huweza kukadiria umri wake kwa kupima aina ya kaboni inayopungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mmarekani Willard Libby, aliyebuni njia hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Mkaa ukitengenezwa kwa namna maalumu hujaa vitundu visivyoonekana kwa macho, hata gramu moja tu huwa na nyuso ambazo zikitandazwa huzidi mita 500 za mraba, yaani zaidi ya kiwanja cha mpira wa kikapu. Vitundu hivyo hunasa sumu. Baada ya gesi ya klorini kutumika vitani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, Mrusi Nikolai Zelinsky alibuni mwaka huo huo kinyago kilichotumia mkaa wa aina hiyo, na wanajeshi wengi wakaokoka. Hospitalini pia mkaa huo hutumiwa kwa baadhi ya watu waliomeza sumu. Lakini huo ni mkaa wa dawa, hutolewa na mganga wa hospitali. Mtu asije akasaga mkaa wa sigiri akamnywesha mgonjwa.

KAA LINALOUA BILA MOSHI

Sasa tusikilizane kwa makini. Rafiki huyu wa askari na wa mpishi ana upande wa pili. Kaa likiungua penye hewa ya kutosha hutoa gesi ambayo hata sisi tunaitoa tunapopumua. Lakini ndani ya sigiri, makaa ya chini hutoa gesi hiyo, nayo ikipita katikati ya makaa ya juu yaliyo mekundu hugeuka kuwa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Ule mwali wa samawati unaochezacheza juu ya makaa ni gesi hiyo inayoungua. Na ile isiyoungua huingia chumbani.

Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haichomi macho kama moshi wa kuni. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kujishika mahali ambapo hewa safi ingeshika. Nguvu yake ya kushika damu huzidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo moyo unapiga, mapafu yanavuta, lakini mwili unanyimwa hewa huku mwenyewe akiwa usingizini. Hata ule mkaa wa kinyago haufai hapa, maana haunasi gesi hii. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege wadogo katika vizimba, ili ndege akianguka wao wakimbie. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986 vilipopatikana vyombo vya kupimia. Katika nyumba zetu hakuna ndege wala chombo. Ipo akili tu.

Hatari ni kubwa zaidi nyakati za baridi, katika milima ya Kigezi na Kapchorwa, na popote mvua inaponyesha usiku kucha. Mama mwenye mtoto mchanga huingiza sigiri chumbani ili mtoto apate joto. Askari walio katika hema huweka makaa katikati na kufunga mlango. Wengine hupikia maharage ndani usiku, wakaacha yachemke hadi asubuhi. Wote hao wana nia njema, lakini gesi haitazami nia.

Ziko imani zinazotudanganya. Wako wasemao kwamba makaa yakiwa mekundu na moshi umekwisha, hatari imekwisha. Si kweli; moshi umekwisha, gesi inaendelea. Wako wasemao kwamba sufuria ya maji karibu na sigiri hunasa sumu. Si kweli, maji hayainasi. Wako wanaofunika makaa kwa jivu ili yadumu mpaka asubuhi. Makaa yaliyofunikwa hivyo huungua polepole kwa kukosa hewa, nayo huendelea kutoa gesi ile ile usiku kucha.

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na akili kuvurugika. Wengi huzidhania kuwa malaria. Lakini ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na maumivu yanapungua wakitoka nje, basi adui yumo ndani. Mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi ya mama yake.

La kufanya ni hili. Fungua milango na madirisha yote, mtoe kila mtu nje kwenye hewa safi, kisha utoe sigiri. Ukiwakuta wamezimia, ita msaada, usiingie ukakaa humo, usije ukalala pamoja nao. Usimnyweshe maziwa wala kitu chochote mtu asiyejitambua, maana kitampalia. Asiyepumua apewe pumzi na mwenye kujua huduma ya kwanza. Kisha wote wapelekwe hospitali, hata yule anayesema amepona, kwa kuwa huko ipo oksijeni, na oksijeni ndiyo huiondoa gesi hii katika damu upesi kuliko hewa ya kawaida.

Na la kuzuia ni rahisi kuliko yote. Sigiri iwashwe nje, ipikiwe nje au jikoni penye matundu ya hewa, na kabla ya kulala makaa yazimwe kwa maji au yaachwe nje mahali pasipofikiwa na watoto. Mwenye baridi na aongeze blanketi. Mkuu wa kambi, anapokagua kota na mahema, na aulize sigiri zinalala wapi, kama anavyouliza bunduki zinalala wapi.

Basi ndugu msomaji, tumeona jinsi herufi tatu zinavyobeba amri, mnyama, kinywa na moto. Kaa wa mtoni alituletea upofu bila kujua, akatuonyesha pia njia ya kuuondoa. Kaa la moto latupikia chakula, nalo laweza kutuzima sisi wenyewe. Neno ni lile lile. Linalotuokoa ni kujua ni kaa lipi tulilo nalo mbele yetu. Kwa hiyo, usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, kaa chonjo: wewe kaa ndani, na kaa la moto likae nje.